Kiti Tulichomwekea

Nilimjua kwa kisogo kuliko kwa uso. Miaka yote niliyopika kwenye kantini ya mgodi, nilikaa nyuma yake ndani ya basi la asubuhi, na mtu unayekaa nyuma yake kila siku humjui macho. Unajua masikio yake, mikunjo ya shingo, na jinsi kichwa kinavyoegemea dirisha usingizi ukimzidi. Yeye alivaa medali ya Bikira Maria kwa uzi wa nailoni wa kijani, na kifundo cha uzi ule kilikaa juu ya mfupa wa shingo, kikubwa kama punje ya mahindi. Kilikuwa kifundo kibaya, cha mtu asiye na subira. Mara nyingi nilitamani kukifungua nikifunge upya, lakini mke wa watu hashiki shingo ya kijana wa watu ndani ya basi.

Kazi yake ilikuwa pampu. Kabla wengine hawajaanza, yeye alishuka hadi chini kabisa ya shimo, mahali maji ya kijani yanapokusanyika, ili kuwasha mashine za kuyavuta. Akipita dirishani kwangu nilimpa chai kwenye kikombe cha bati, akashuka nacho, saa ya chakula akakirudisha. Hakuwa na mke. Aliishi na mama yake mtaa wa Dilala, katika mojawapo ya zile nyumba za zamani za kampuni, na mama huyo alikuwa akiuza samaki wakavu kutoka ziwa la Nzilo. Wakati mwingine kola ya kijana ilinuka samaki, nami nilimtania kwamba paka watamfuata hadi mgodini.

Hatukuwa watu wa mgodi wenyewe. Tuliajiriwa na kampuni ndogo inayokodisha watu kwa mgodi, kwa mkataba wa mwezi kwa mwezi, na anayelalamika mwezi huu, mwezi ujao hayumo. Shimo lenyewe sitalitaja. Basi lilipita vilima vya mawe vya mgodi wa Mashamba bila kusimama, likaenda mbali zaidi.

Asubuhi moja ya masika, baada ya mvua ya usiku kucha, ukingo wa shimo uliteremka. Mimi niliusikia nikiwa jikoni. Haukuwa mlio mkubwa, ulikuwa kama mtu aliyechoka akitua gunia la unga, kisha mifuniko ya sufuria ikatetemeka kidogo na kutulia. Msimamizi alikuja akatuambia kwamba ni udongo tu, hakukuwa na mtu chini. Kikombe cha bati hakikurudi. Jioni tulipanda basi, na kiti cha mbele yangu kilikuwa kitupu.

Kesho yake kampuni yetu ilisema kijana huyo hakuja kazini siku ile. Eti alivuka kwenda Zambia, kama vijana wanavyofanya. Basi zima lilikuwa limepanda naye asubuhi. Tulitazama viatu vyetu.

Kuhusu kiti, hakuna aliyepanga jambo lolote. Siku iliyofuata dereva, tata, mzee mmoja wa asili ya Kasai ambaye hakuzoea kusema mengi, alisimama kwenye kituo cha yule kijana kama kawaida. Alifungua mlango, akangoja muda ambao mtu huutumia kupanda, akaufunga. Wale waliokaa karibu na mlango walivuta magoti yao kumpisha. Niliwaona. Walivuta magoti, wakayarudisha, na basi likaondoka. Hakuna aliyekaa kwenye kile kiti, ingawa nyuma watu walisimama wamebanana. Jioni ikawa hivyo hivyo: basi lilisimama Dilala, mlango ukafunguka, magoti yakavutwa, mlango ukafungwa.

Mimi si mtu wa mizimu. Nimekulia katika nyumba ya wakatoliki wanaokwenda misa hata wakiumwa, na mtu akinisimulia ndoto zake asubuhi huwa namuuliza kama amekunywa chai. Lakini nitasema nilichokiona. Kile kiti kilikuwa kimelowa. Mwanzoni sikushangaa, kwa kuwa raba ya dirisha lake ilikuwa imekatika na mvua iliingia. Mvua zikaisha, vumbi likaanza kupanda hadi kwenye ndimi zetu, na kiti bado kililowa, katikati, ukubwa wa mtu aliyekaa. Nilimuuliza dereva kama analiosha basi usiku. Aliniambia hata maji ya kunawa uso anayatafuta. Kijana mmoja mgeni, siku yake ya kwanza, alikikalia kabla hatujamzuia, akainuka mwenyewe kabla ya kona ya pili. Alisema ni baridi tu, akasimama safari yote akishikilia chuma, na hakutaka kuulizwa zaidi.

Basi likifunga breki, mimi nilijikuta nikinyoosha mkono mbele, kuzuia kichwa chake kisigonge kioo. Nilijichukia kwa jambo hilo.

Habari za kiti zilisambaa. Kulikuwa na kikundi cha vijana mjini waliokuwa wakitetea wafanyakazi, tukikutana nao kwenye ua wa parokia baada ya misa. Walitaka mashahidi wa kusema kwamba yule mtu alishuka shimoni, na mashahidi hawakupatikana. Waliposikia habari za kiti, walifurahi. Walisema kiti hicho kinasema yale ambayo midomo yetu haithubutu. Mabasi mengine nayo yakaanza kuacha kiti kimoja kitupu. Halafu waendesha pikipiki za abiria wa Dilala wakaingia, na anayewajua watu hao ataelewa uzito wake, maana mtu wa pikipiki akimkataa abiria ujue dunia imepinduka. Asubuhi moja ya kila juma walipita barabarani kwa mstari mrefu, taratibu, bila honi, siti ya nyuma tupu kwenye kila pikipiki. Wauza mandazi waliacha kuita wateja. Niliwaona na nikaona fahari, lakini pia mwili ulinisisimka, kwa sababu walikuwa wakiendesha kama wanaochunga mtu asianguke.

Tulichokuwa tukikidai kwa ukimya huo ni kimoja. Maji yavutwe, udongo uchimbuliwe, mtoto wa watu apewe mama yake amzike.

Mama mwenyewe alikuwa akisimama upande wa pili wa barabara kila jioni basi lilipofika Dilala. Nilidhani anakuja kutushukuru. Siku moja alituomba, mimi, dereva na mwenzetu mmoja wa karakana, tumsindikize kwa mkubwa wa ofisi ya kampuni yetu, akaulize mwanawe yuko wapi. Tulikwenda tumevaa nguo za Jumapili. Mkubwa alitupokea vizuri, akamvutia mama kiti, akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akamjibu kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza.

"Mama, mutoto yako iko muzima. Uliza hata hawa benzake. Mu bisi banamuchungia kiti yake. Mutu ya kufwa, nani anamuchungiaka kiti?"

Akatugeukia akingoja. Ilikuwa zamu yetu kusema, na hatukusema. Kwetu, wa kwanza kutamka kwamba fulani amekufa, bila maiti na kabla wenye msiba hawajalia, huulizwa: wewe ulijuaje? Jina la mulozi, yaani mchawi, hupatikana hivyo hivyo, kwa neno moja la haraka. Hiyo ndiyo sababu tuliyojipa. Ya mkataba wa mwezi kwa mwezi tuliiacha mfukoni. Basi tukamtazama mama, mama akatutazama, na mkubwa akafungua mlango.

Hapo ndipo nilipoelewa tulichokifanya. Tulikuwa tumetafuta njia ya kusema bila kusema, na tukampa mkubwa ushahidi wake. Kile kiti chetu, pikipiki zote zile, vilisema anarudi. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilitembea mbele ya wenzangu nikijisemea peke yangu.

Mama alinifikia, akanishika mkono. Hakulia. Hakuwa ameanza kulia tangu siku ile, na watu walishaanza kumsema kwa hilo.

"Kila mangaribi mulango ya bisi inafunguka," akasema. "Mi niko na maji ya moto kwa babula, ya kumuogesha vumbi. Mulango inafunga. Nani anashukaka pale, mutoto yangu? Uniambie, sababu maji inapoa."

Kumbe kila jioni, tangu masika, alikuwa akiwasha makaa kwenye babula, jiko lake dogo, na kubandika maji. Nilimuomba radhi, akasema haoni kosa letu. Kwao, akanieleza, mtu aliye safarini huwekewa kiti, na aliyekufa kiti chake hugeuzwa. Alitaka tu kujua chake ni kipi kati ya hivyo viwili.

Hazikupita asubuhi nyingi. Ilikuwa kiangazi, ambacho kwetu huanza na baridi ile inayouma masikio, na jua lilikuwa bado halijatoka kwenye vumbi lake. Dereva alisimama kwenye kituo, akafungua mlango, na safari hii mtu alipanda. Magoti yalivutwa. Alikuwa mama, kitenge cheusi kichwani, miguu mitupu. Alipita katikati yetu akakaa kwenye kiti cha mwanawe, mbele yangu, juu ya ile baridi, na hakuinuka. Dereva alimtazama kwenye kioo. Alifunga mlango akaondoa basi.

Njia nzima nilikitazama kisogo chake, na nikaona kwamba kijana alikuwa amerithi masikio yale.

Tulipofika kwenye geti la mgodi na basi likasimama kukaguliwa, aligeuka kwenye kiti akaniangalia. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, sauti ya kuuliza bei.

"We mama wa kantini. Ile siku, ulimuona anashuka mu shimo?"

Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni anasikia kila kitu.

"Nilimuona, mama. Alibeba chai."

"Ulimuona anapanda tena?"

"Hapana. Sikumuona."

Akamuuliza wa karakana, akamuuliza aliyefuata, mmoja mmoja hadi nyuma, hata yule mgeni aliyesema hakuwako. Waliokuwapo wote walijibu kama mimi: walimuona anashuka. Hawakumuona anapanda. Maneno yale yale yalitoka katika kila mdomo, na kadiri yalivyorudiwa yalizidi kuwa mepesi kutamka. Wa mwisho alikuwa dereva. Alipojibu, mama aliinamisha kichwa kwenye mgongo wa kiti cha mbele na akaanza kilio.

Nimeshasikia vilio. Kile kilikuwa kimewekwa tangu masika. Kilitoka na kuingia kwenye mabasi yaliyokuwa yamepanga foleni nyuma yetu, na wanawake wa huko wakakipokea bila kujua bado ni cha nani. Hakuna aliyeshuka kwenda kazini. Mficha maradhi, kilio humfichua, na pale getini kilio kilikuwa cha watu wa shimo zima. Walinzi walivua kofia. Wangefanya nini? Mgomo hufukuzwa, lakini msiba ukishakaa mahali, hakuna anayeinua mkono kuufukuza.

Ndipo dereva alipotoa spana. Alifungua nati za kile kiti moja baada ya nyingine, akasaidiwa kukishusha, akakiweka barabarani, akakigeuza, miguu juu. Maji yakatoka. Nimesema ilikuwa kiangazi. Yalitoka kwenye sponji yakapita kati ya miguu yetu kuelekea getini, mengi kuliko yanayoweza kukaa ndani ya kiti cha basi, na hayakuharakisha. Mimi niliyaona ya kijani. Dereva alisema ni maji tu. Mpaka leo tunabishana, na hakuna kati yetu anayetaka kushinda ubishi huo.

Kufikia mchana pikipiki zote za Dilala zilikuwa hapo, safari hii zimebeba abiria, na wanawake walikuwa wamekuja na babula na sufuria kama yanavyokaliwa matanga yoyote. Mkubwa wa ofisi yetu alikuja akatazama kile kiti kilichogeuzwa, akaondoka. Mwishowe wenye mgodi wenyewe ndio walioamuru maji yavutwe na udongo uondolewe. Tulilala pale getini kwa zamu hadi kazi ikaisha.

Wachimbaji walimtuma mtoto mmoja wa kantini kuniita. Walikuwa wamempandisha, wamemlaza kifudifudi kwenye turubai kama walivyomkuta, na hawakuwa wamethubutu kumgeuza. Kulikuwa na udongo zaidi kuliko mtu. Mama yake alikuwa ameketi upande wa miguu, ametulia.

"We ulikuwa unaikala nyuma yake," akaniambia. "Njo ye?"

Nilipiga magoti, nione kama ndiye, nikafuta tope kwa kidole, juu ya mfupa wa shingo. Uzi ulikuwa wa kijani bado. Kifundo kilikuwa pale pale, kibaya vile vile.

"Njo ye, mama."

"Basi, umufungulie."

Kilikuwa kigumu, tope limekijaa, lakini nilikifungua kwa kucha bila kukata uzi. Nilimpa medali, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake. Kisha akawageukia wanawake waliokuwa wakitunza makaa.

"Mulete sasa ile maji ya moto," akasema. "Ameisha kufika."