Kila Folda Inaitwa Mzee

Ni Jumatano asubuhi mjini Elburgon, na ule mstari wa kijani juu ya dirisha la mafaili unatambaa kwenye skrini. Unakaribia kufika mwisho, kisha unasimama hapohapo. Mugure Muturi anautazama, mikono kifuani.

"Huyu sasa ameenda kulala," anasema. "Mimi namjua. Ameenda."

Anayesemwa ni kompyuta. Mugure, ambaye wengi humwita Mama Kui, huchapisha programu za mazishi katika chumba kimoja nyuma ya duka la mbao. Familia humletea picha na wasifu wa marehemu, yeye hupanga kurasa, huchapisha na kubana. Wiki nzuri hupata kazi tatu. Wiki nyingine hupata moja, na hapo huombwa bei ya chini na watu wanaolia, ambao hajajifunza kuwakatalia.

Kwenye kiti cha plastiki ameketi Jepleting, mkulima wa viazi kutoka Kuresoi. Mama yake, Cheptanui, atazikwa Jumamosi. Jepleting ametafuta picha moja kila mahali, na hapa ndipo mahali pa mwisho.

"Mum hakupenda picha," anasema. "Akiona simu anageuka. Zile chache nilikuwa nazo ziliibwa pamoja na simu yangu. Imebaki ya kitambulisho, na hapo anakaa ni kama ameshikwa na polisi. Aki, watu wamuage na hiyo sura?"

Anakumbuka kwamba baba yake alipofariki mwaka wa 2016, familia ilileta picha kwa Mugure. Katika mojawapo wazazi wake walisimama mbele ya magunia ya viazi, na mama alikuwa akicheka hadi macho yakafumba. Haikutumika. Mjomba alisema mjane hawezi kuonekana akicheka kwenye programu ya mumewe, nayo ikawekwa kando.

Kazi lazima ianze kuchapishwa kesho adhuhuri. Picha isipopatikana, jalada litakuwa la kitambulisho.

Shida ni kwamba diski ya Mugure imejaa wazee. "Kila mtu akileta flashi, baba yake anaitwa Mzee," anaeleza. "Mama ni Mum. Nikaanza kuandika Mzee 2, Mzee 3, nikaendelea hivyo mpaka nikachoka. Sasa mtu analia hapo mbele yako, utamuuliza majina matatu kama ya benki?"

Kutafuta kwa tarehe nako hakusaidii. Kompyuta yake ya kwanza ilipokaribia kufa, alihamishia kila kitu kwenye diski ya nje, na folda zote zikapewa tarehe ya siku ile ya kuhama. "Watu wamezikwa miaka kumi tofauti, lakini huyu anasema folda zao zilizaliwa Jumanne moja!"

Basi anafungua moja baada ya nyingine. Folda hii inafunguka na picha kubwa kubwa, inayofuata inaleta orodha ya nambari tupu, na Mugure hajui nani aliamua hivyo. Akirudi nyuma, dirisha linamrusha juu kabisa, kwa Mzee wa kwanza.

"Kwani hakuona nilikuwa wapi?" anauliza, akishuka tena kwa kipanya. "Si angeniachia hapo hapo?"

Waliounda mitambo hii huenda walidhani anayetafuta faili anajua jina lake. Kwenye chumba hiki hakuna anayejua. Mugure angependa kuiambia mashine yake kwamba anamtaka mama mwenye kitambaa kichwani, magunia nyuma, mume kando, nayo ilete nyuso bila yeye kufungua folda mlango kwa mlango. Si ombi kubwa. Jirani akiulizwa hivyo angeleta jibu mara moja.

Kisha anaacha kubofya. Anamgeukia Jepleting.

"Mama, wacha nikwambie ukweli. Mwezi uliopita diski ilijaa. Nilianza kufuta zile picha zilizokataliwa, kuanzia za zamani. Na lile pipa la taka la kompyuta nikalimwaga."

"Yaani ulifuta?"

"Nilifuta nyingi. Ya kwenu sijui."

Jepleting anaangalia sakafu. Hamgombezi, na hilo linamuumiza Mugure zaidi. Diski kubwa ameiona Nakuru kwa shilingi elfu tisa, lakini karo ya Kui ilikuja kwanza.

Hakumaliza kufuta, anasema. Alifika kwenye folda fulani mashine ikakataa, ikidai inatumika kwingine. Kwingine wapi, haikusema. "Nilikuwa nimefunga kila kitu! Nikaitusi, nikazima, nikaenda mazoezi ya kwaya. Sikuirudia."

Anaendelea. Mzee 58. Mzee 59. Kwenye Mzee 61 anatokea mwanamume mrefu mwenye koti la mvua, na Jepleting anasimama ghafla.

"Huyo ni Dad."

Ndani ya Mzee 61, folda ya picha zilizokataliwa bado ipo. Mugure anaitambua: ndiyo iliyomkatalia siku ile. Anaifungua, na kwanza vinatokea vijisanduku vyeupe tu. Kimoja kinajaa: ng'ombe. Kingine: watoto wamepanga mstari. Cha tatu kinachukua muda wake, na wote wawili wameinamia skrini.

Cheptanui anacheka. Meno yote nje, kitambaa kimeteleza, mkono mmoja umemshika mumewe begani asianguke.

"Woiye, Mum!" Jepleting anacheka naye, kisha analia, kisha anacheka tena. "Ona meno!"

Mugure anajifuta macho na kuinakili picha upesi kwenye flashi na kwenye simu. Mashine inatangaza itachukua saa mbili. Inamaliza kabla hajaketi.

"Mjomba atasemaje?"

"Atanyamaza."

"Na huyu mzee nimkate, abaki mama peke yake?"

"Usimkate," Jepleting anasema. "Si ndiye alikuwa anamchekesha."

Alasiri, karatasi zikiwa tayari kando ya printa, Mugure anasema hatafuta tena picha iliyokataliwa. Atakopa kwenye chama chao cha akiba anunue diski nyingine, na folda zitapewa majina kamili, mtu alie asilie. Kisha anataja jambo ambalo limemkalia tangu asubuhi: kwenye mashine hii yenye nyuso za Elburgon nzima, picha ya mama yake mwenyewe haimo. Mama yu hai, anaishi Rongai, na Jumapili Mugure atapanda matatu kwenda kumpiga picha.

"Naye hapendi picha," anasema. "Nitamchekesha kwanza."