Mtu wa Kumhesabia Shangazi

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, na hakuwahi kuwa na kaka wa kumpa cheo hicho. Hakuwa na kaka, hakuwa na dada, sasa mpwa angemtoa wapi? Jina alilipata karakanani, ghorofa ya pili, alikoshona suruali miaka ishirini na tisa kwenye meza ya dirishani. Huko ndiko walikokuwa watu wake wote. Jioni akishuka zile ngazi thelathini na nne, maongezi ya siku yalikuwa yamekwisha.

Ndiyo maana alipoteleza bafuni akavunja goti, aibu ilimuuma kuliko mfupa. Wenzake wangekuja kumjulia hali, wangekuta kitanda kimoja, kiti kimoja na kikombe kimoja. Akatuma ujumbe kwamba yuko kwa mpwa wake, analelewa kama yai. Wakaamini, na hakuna aliyekuja kubisha hodi. Mwenye karakana akajibu kuwa meza atamwekea miezi mitatu tu, kwani kuna fundi mwingine anaingoja.

Plasta ilitolewa baada ya wiki sita. Paja la kulia lilikuwa limekwisha, linaning'inia kama mkono wa shati. Binti wa mazoezi ya viungo pale hospitali akamwazima kimashine chenye nyaya na vibandiko vinne.

"Hiki kitaubana msuli kwa umeme, Shangazi. Lakini kikibana, na wewe bana. Halafu kuna zoezi: unakaa kitini, unanyanyuka bila kushika kitu, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Ukifika ya sita utataka kuacha, kwa hiyo awepo mtu wa kukuhesabia. Unaye?"

"Yupo mpwa wangu," akasema Shangazi, macho makavu.

Siku ya kwanza alijaribu. Akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na chumba kikamrudishia sauti yake mwenyewe. Tangu lini alikuwa na sauti ya kizee namna ile? Alipofika nne akakaa, akalia kidogo. Karatasi ya mazoezi akaitia kwenye kopo la vifungo.

Kimashine hakikudai kuhesabiwa. Kililia ti, ti, paja likaruka lenyewe, naye akashtuka, maana kwa wiki nyingi hakuna kitu kilichokuwa kimemgusa. Na hapo ufundi wake ukamponza. Cherehani yake ilikuwa ya mota: wewe unaongoza kitambaa, kazi inafanya mota. Akaona mguu nao ni vivyo hivyo. Akawa anabandika vibandiko, anaegemea ukuta, anakiambia kimashine, "Haya bwana, chapa kazi," kisha wanapiga soga, yaani yeye anaongea na chenyewe kinalia. Kila asubuhi alilipima paja kwa futi yake ya kupimia nguo, akaandika kwa chaki mlangoni. Wiki ya tano lilikuwa limeongezeka sentimita moja na nusu, na fundi gani ataibishia futi?

Zikiwa zimebaki wiki mbili za kuwekewa meza, akavaa vizuri akaenda karakanani. Kwenye ngazi ya saba mguu ukagoma. Haukuuma, ulikaa tu kama haukuambiwa kitu. Juu cherehani zilivuma, na Mzee Kola, fundi wa kola anayekaa meza ya jirani, mkubwa wake kwa miaka sita, alikuwa akicheka. Angeita wangeshuka wote. Hakuita. Alishuka kwa makalio, ngazi moja moja.

Kesho yake binti wa mazoezi akalipapasa paja, akamwambia asimame bila kushika kitu. Hakuweza.

"Mashine umetumia, naona. Nani alikuwa anakuhesabia?"

Shangazi akatazama sakafu. "Hakuna. Sina mpwa. Sina mtu."

Binti akavuta kiti karibu naye. "Umeme unaamsha nyama pale ulipobandika tu, Shangazi. Ngazi inataka agizo litoke kichwani mwako, lishike nyonga, goti, mpaka unyayo. Hilo hakuna waya wa kukufanyia. Vikienda pamoja ni vizuri zaidi. Ila kimoja kikishindikana, kisiwe kunyanyuka."

Kimashine alikichukua, kulikuwa na mgonjwa mwingine anakisubiri. Shangazi akarudi chumbani, hata ile ti, ti haipo.

Asubuhi hakuweza kuuvumilia ule ukimya. Akaenda chini ya ngazi za karakana, penye kiti cha mlinzi, ambaye mchana huwa hayupo. Pale angalau alizisikia cherehani. Akakaa, akanyanyuka, akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Siku hiyo alifika tano. Alirudi kila siku, na siku ya sita akafika tisa, jasho linamtiririka na goti linatetemeka. Akajitupa kitini. Tisa zinatosha, alijiambia, kwani nani anajua?

"Kumi bado, Shangazi!" sauti ikashuka kutoka juu. "Siku ya sita leo tunakuhesabia. Usituibie!"

Cherehani zote zilikuwa zimezimwa.

"Nani huyo?" akauliza, ingawa sauti ya Mzee Kola angeijua hata usingizini.

"Mpwa wako," akajibu Mzee Kola. "Nyanyuka, meza yako nimeikalia mimi, hakai fundi mwingine."

Shangazi akacheka huku analia, akaweka mikono kifuani, akanyanyuka.