Kikombe cha Maji Juu ya Mwamba wa Matinyani

Nilikwenda Kitui kwa sababu mpwa wangu Mwende, mwanajiolojia, alihitaji dereva, nami nilihitaji mada ya kuandika. Bila vipande vya mwamba mmoja wa Matinyani, ramani yake ya ufa wa kale ingebaki na pengo katikati.

Asubuhi, tukipita Machakos, alinieleza kazi yenyewe. Zamani sana ardhi ilivutana na kusagana kando ya ufa huo, na chembe za chuma ndani ya mawe zikalala kufuata mvuto huo. Ukikata kipande cha jiwe na kukitia alama ya kuonyesha kilielekea wapi kabla ya kukitoa, sumaku yake itakuonyesha ardhi ilivutwa upande gani. Niliitikia kama mtu anayeelewa. Hiyo ndiyo faida ya digrii yangu.

Matinyani. Mwamba ulikuwa mpana na mtupu, umejengewa kijiukuta cha saruji kinachopeleka mvua kwenye tangi. Hatujashusha mashine, kina mama wa kamati ya maji wakafika kutoka shambani, majembe mabegani. Mwenyekiti wao, Kavata, hakutupa mkono, hata Mwende alipomweleza habari za vipande na sumaku.

"Hii mwamba ndiyo bomba yetu. Ukitoboa na maji ipotee, tutakunywa sumaku?"

"Mwaitu, ni shimo la kidole gumba tu," Mwende akamjibu kwa heshima ya mtoto kwa mama. "Nitaliziba. Na mwamba huu ni mzima, nauona."

Wakashauriana kwa Kikamba. Hukumu: toboa shimo moja, pale ukingoni. Lijazwe maji. Yakishuka, muondoke.

Mashine ilinguruma. Kavata mwenyewe akamimina kikombe cha maji shimoni. Tukainama wote. Maji yalisimama. Mwende alianza kutabasamu. Kisha kwenye ukuta wa shimo, juu ya maji, ukatokea mstari mwembamba wa unyevu, ukapanuka: maji yalikuwa yanashuka.

"Ni jua," nilisema haraka. "Jua la huku ni kali."

"Kumbe!" Kavata alisema bila kunitazama. "Jua inakunywa kama mlevi, na hata haijalipa?"

Wenzake walicheka. Majembe hayakushuka.

Mwende alipiga magoti kando ya shimo. Niliomba moyoni anyamaze.

"Si jua, mwaitu. Kuna ufa hapa. Nilikosea. Naliziba shimo, halafu tunaondoka."

Akachanganya saruji. Kavata alimwacha amalize, akaikagua kazi kwa ukucha.

"Huko nyuma ya mwamba mvua huenda kwa msitu, si kwa tangi," akasema. "Huko toboa mpaka uchoke."

Nyuma ya mwamba, sindano ya dira ilikataa kutulia. Chuma cha majembe kilikuwa kinaivuta. Mwende akawaomba wasogee. Kina mama walitazamana, wakaenda kuyalaza majembe mbali kwenye nyasi, wakarudi mikono mitupu kumtazama akikata vipande vyake.

Jioni, tukirudi nyumbani, tulisimama Machakos. Tukiwa kwenye chai, Mwende akaniuliza:

"Mjomba, ile ya jua ilikuwa ya nini?"

"Nilikuwa nakutetea."

"Dhidi ya kiu yao?"

Nilikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Ramani yake sasa haina pengo. Mimi nimejifunza kunyamaza mbele ya watu wanaojua kiu. Kwa mwandishi wa makala, hilo si somo dogo.