Jino la mwanangu lilipimwa kwenye mashine ya EPR, majibu yakamkalisha dawatini peke yake

Wakuu, habari za humu. Sitafuti huruma. Naandika lilivyokuwa, na pale nilipokosea mimi nitapasema. Mara ya kwanza niliandika kwa hasira nikafuta. Hii ni ya pili.

Naishi Kiwangwa, huku Pwani kwenye mashamba ya mananasi. Elimu yangu form four. Nina mtoto mmoja, Sharifa, yuko darasa la pili.

Watafiti walikuja shuleni kwao wakiomba meno ya utoto yaliyong'oka. Kijana mmoja anayesomea shahada ya pili akatueleza wazazi: kila ardhi ina mionzi kidogo ya asili, na jino linatunza alama yake. Wanataka kujua ya kwetu ikoje. Kipimo kinaitwa EPR.

Sawa. Jino la Sharifa la mbele nilikuwa nalo, nikalitia kwenye bahasha.

Fomu ikauliza limehifadhiwa wapi. Nikaandika: nyumbani. Nikasaini.

Shikeni hapo.

Wiki kadhaa baadaye yule kijana akapiga simu. Sio kwangu, kwa mwalimu. Akauliza kama Sharifa aliwahi kutibiwa kwa mionzi, maana jino lake limetoa alama kubwa kuliko ya wenzake wote.

Mwalimu akaongea ofisini. Ofisi ikaongea na kijiji.

Mwanangu akarudi ananiuliza, "Mama, mionzi inaambukiza?" Mwenzake wa dawati moja alikuwa amehamishwa kwa amri ya mama yake. Nikamfuata huyo mama.

"Usinielewe vibaya shoga, wangu ana kifua."

"Kifua cha mwanao na jino la mwanangu vinahusiana nini?"

Mtoto hakumrudisha.

Nyie mnaweza kucheka. Mimi nilikuwa namtazama mwanangu akila, najiuliza ndani ya mwili wake kuna nini. Nilibadilisha hadi kisima cha maji. Siku ya tatu nikamshika mkono, tukaenda Dar hadi maabara. Getini wakaniuliza shida. Nikasema, nimefuata jino la mwanangu.

Hiyo mashine nilidhani inatisha. Ni sumaku mbili kubwa, kila moja kama tairi la lori, zinatazamana. Katikati wanachomeka kitube cha kioo, chembamba kama mrija wa soda, chenye vipande vya lile gamba jeupe la jino. Inanguruma kama friji. Kwenye kompyuta mstari unapanda na kushuka.

Mistari ya watoto wengine ilikuwa kama matuta ya mihogo. Wa Sharifa mlima.

Mkuu wa maabara ni mama mtu mzima. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza taratibu.

"Mwanangu, hili jino lilikaa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi? Kabatini?"

Kabla sijafungua mdomo Sharifa akajibu, "Juu ya bati."

Wakuu, kwetu jino likitoka linatupwa paani, mtoto anaomba jipya. La Sharifa lilinasa kwenye mkunjo wa bati la jiko. Walipotangaza wanataka meno, nilipanda ngazi mwenyewe nikalishusha. Lilikaa juani tangu kabla ya Ramadhani hadi Idi imepita. Sikudanganya. Paa si la nyumbani?

Kumbe jua kali nalo linaacha alama kwenye jino, na mashine inaisoma karibu sawa na ya mionzi.

Yule mama akamgeukia kijana wake. "Unakusanya meno pwani, huulizi kama yalitupwa paani? Wewe la kwako lilikwenda wapi?"

Kijana akainama. "Paani, mama."

Sharifa alikuwa na jingine linacheza. Lilipong'oka tulilifunga kwenye kopo, halikuona jua, tukalipeleka. Safari hii yakawa matuta ya mihogo.

Nikamwambia kijana: majibu mabaya yalifika shuleni kwa siku moja, mazuri nayo yafike. Akaja, akasimama mbele ya wazazi, akakiri kosa lake. Mimi nikasimama nikakiri langu. Mwalimu alikuwa anatazama dirishani.

Yule mama wa kifua akamrudisha mtoto dawatini, akaniletea nanasi. Kiwangwa, nanasi! Nikalipokea. Kusema yameisha, sijasema.

Nilichojifunza: mashine haikukosea. Ilisoma ilichopewa. Sisi wenye midomo ndio tulikosea, mimi kwa kuandika neno moja palipotakiwa maelezo, wao kwa kusema kabla ya kuuliza. Mtoto wako akitajwa kwenye majibu, nenda kayaone mwenyewe.

Sharifa alilia kwamba lile jino la pili halikutupwa, kwa hiyo jipya halitakuja. Kila asubuhi anapitisha ulimi kwenye pengo. Jana jipya limechomoza. Bibi yake kalitazama, kasema limepinda, na sababu anaijua.

Sasa semeni ukweli. Hiyo fomu ingekuwa mbele yako, ungeandika nini?