Namba Kwenye Mabati ya Verna

Tangu mumewe afariki, Verna Hryciuk alilima ngano peke yake, na akiwa juu ya trekta alichezea namba kichwani kama wengine wanavyoimba. Wilaya yetu hapa Saskatchewan ilipotuomba tupambe maghala kwa ajili ya sherehe, sisi tulichora masuke na farasi. Yeye alichora tarakimu nane, kila moja kwenye bati lake: 73939133.

"Hiyo namba ya simu ya nani, Verna?" jirani yake, Dale Penner, akamtania mkahawani. Tukacheka.

"Ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Si ziko tele!"

"Kama hii huipati."

Julai upepo ukang'oa mabati mawili ya mwisho, upande wa kulia. Asubuhi Dale akaja, anacheka tangu getini.

"Pole, jirani! Namba yako imekatika mkia!"

"Imebaki 739391, nayo ni tasa. Kaa ule, ujaribu mwenyewe."

Akamwekea sahani ya pierogi na kikokotoo. Dale akagawa kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na tatu, akaendelea mpaka chakula kikapoa. Wapi!

"Sasa kata tena ya mwisho," Verna akasema. "Tasa. Kata nyingine. Tasa. Utakata hivyo hivyo kutoka kulia mpaka ubaki na saba."

"We mama! Umeipataje?"

"Nilianza na saba, nikawa naongeza tarakimu mojamoja. Baridi ya huku unaijua ilivyo ndefu."

"Basi ukutani pana nafasi. Tuongeze ya tisa!"

"Haikubali. Shufwa hazifai, tano haifai. Weka moja au saba, inagawanyika kwa tatu. Tatu na tisa zilinitesa, lakini nazo zikashindwa. Nimejaribu njia zote, Dale. Za aina hii, hakuna inayoizidi hii."

"Una uhakika?"

"Kama ninavyojua jina langu."

Jumamosi Dale akaleta mabati mapya, akapanda ngazi, akachora zile 3 mbili za mwisho kwa mkono wake. Zikainama kama zimelewa. Verna akazitazama, akacheka sana, akakataa zisahihishwe.

Siku hizi mgeni hanywi kahawa kwa amani hapa kijijini. Dale humvuta mpaka dirishani, akamwonyesha lile ghala: "Ficha tarakimu za kulia, kadiri upendavyo. Haya, gawa!"