Siku Tuliyokwenda Kukwangua Chumvi

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, pale Kenyamonta, wanaume wetu wengi walikuwa wamehamia Nyakunguru kuchimba dhahabu. Mashamba yalibaki na wanawake, na wanawake nao walikuwa na safari yao moja kila kiangazi: kwenda kukwangua chumvi kwenye ziwa dogo lililo mbele ya Issenye. Maji yake yakikauka huacha ukoko mweupe. Walikuwa wakichanga, wakikodi lori, wakiondoka alfajiri na kurudi jioni. Nilimsumbua bibi yangu miaka miwili anichukue. Mwaka ule akakubali.

Alfajiri ya safari alinituma kisimani nijaze galoni la maji ya njiani. Huko akanikuta mwanamume mwenye baiskeli, ana tope jekundu hadi kwenye nyusi. Aliniuliza kama namfahamu Bhoke, mke wa Marwa. Nilimfahamu. Alikuwa jirani yetu, ameolewa hata mwaka haujaisha, na ndiye aliyekuwa akinisuka nywele.

"Mwambie mumewe kaangukiwa na kifusi shimoni," alisema. "Yuko hai. Anamwita yeye tu, hamtaji mwingine. Aje upesi. Mimi nakimbilia kwa baba yake Marwa."

Nilirudi mbio. Lori lilikuwa linanguruma, wanawake wamekwisha kupanda, na Bhoke akaninyooshea mkono anivute juu. Nilijua nikisema atalia, na wote watashuka waende naye, maana kwetu mtu haachwi peke yake na habari kama ile. Niliushika mkono wake nikapanda. Nilijiambia nitamweleza tukirudi. Si yule mtu amesema yuko hai?

Safari ilikuwa nzuri. Mpaka leo naikumbuka kuwa nzuri, na hilo linaniuma.

Tulipofika, bibi alitusimamisha ukingoni. Wazee waliamini ziwa lile halitaki mtu aingie na neno alilolificha. Akiingia nalo halimfanyi kitu pale pale, humlipa nyumbani. Kwa hiyo kila mmoja alisema lililo moyoni kabla ya kuvua viatu. Mama mmoja alisema anamwonea wivu mke mwenzake, wenzake wakacheka. Ikawa zamu ya Bhoke.

"Mimi nilimfukuza Marwa kwa maneno," alisema. "Nilimwambia kama hana dhahabu akae huko huko. Kesho namfuata. Nataka arudi hivyo hivyo alivyo."

Bibi akanigeukia. "Na wewe, mjukuu wangu, una neno?"

"Sina, bibi."

Tukaingia. Tulikwangua kwa vipande vya bati, chumvi ikichoma nyufa za miguu, jua likitupiga kutoka juu na kutoka chini. Bhoke alijaza kiroba kidogo cha pembeni, cha Marwa, aliyependa nyama ya kukausha. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara mbili niliufunga, kwa sababu sasa ningeulizwa kwa nini sikusema asubuhi.

Jioni tulikuta watu wamejaa uani kwa Bhoke. Marwa alikuwa amekata roho saa nane mchana. Baba yake alisimama mlangoni akamtazama Bhoke na kiroba chake.

"Tulikutumia habari alfajiri," alisema. "Wewe ukaenda chumvini."

"Hakuna aliyeniambia, baba. Naapa."

Hawakumwamini. Yule wa baiskeli alikuwa amewaambia tu kwamba habari imefika, akarudi Nyakunguru, na baadaye tulisikia amehamia machimbo mengine. Watu walisema Bhoke aliingia ziwani na neno, ziwa likamlipa. Bibi hakusema hivyo. Aliniangalia mimi, akaangalia galoni mkononi mwangu, kisha akainama. Alijua nani alikwenda kisimani. Hakuniuliza siku ile wala siku nyingine, na amekufa hajaniuliza.

Baada ya matanga Bhoke alirudi kwa wazazi wake, Issenye. Nilikua, nikasoma, nikaolewa, nikazaa. Mwaka juzi nilimfuata. Anashona sare za wanafunzi kwenye kibanda kilicho karibu na sekondari.

"Shikamoo, dada Bhoke."

"Marahaba." Hakunitambua mpaka nilipomtaja bibi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Alisema ananiita?" aliuliza.

"Ndiyo. Wewe tu."

Aliweka mkasi mezani. "Miaka yote hii najua alikufa amenikasirikia."

Nilisema nisamehe, na nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu niliona ni dogo mno. "Ulikuwa mtoto," alijibu bila kunitazama, halafu akaniomba niende. Kwetu mgeni husindikizwa, hata aliyekuja kwa ubaya. Yeye hakutoka nje. Nilitembea peke yangu mpaka kwa vijana wa bodaboda.

Utotoni nililiogopa sana lile ziwa, na sasa naona woga ule ulinifaa: ikiwa ziwa ndilo lililolipa, basi mimi sikufanya kitu. Leo siwezi tena kulisingizia. Mtu aliyekuwa anakufa alimwita mkewe, nami nikaukalia ule wito, kwanza kwa ajili ya safari ya siku moja, kisha kwa woga, miaka zaidi ya ishirini. Nilipoufikisha, Bhoke alikuwa na mvi. Sijui kama siku ile nilimpa kitu, au nilimnyang'anya Marwa kwa mara ya pili.