Masikio ya Ng'ombe wa Baba Mdogo

Juzi niliingia duka la vitabu mjini Dodoma kumtafutia mjukuu wangu kitabu cha kusomea, nikakutana na bibi yangu. Yuko ukurasa wa kumi na mbili, anatwanga uwele, kavaa kanga yake ya harusi. Nilisimama pale na kikapu changu mpaka muuza duka akaniuliza kama najisikia vibaya. Ndiyo, najisikia vibaya, na mpaka leo sijapoa.

Ngoja nikueleze. Nilikulia Mvumi, kwenye nyumba ya tembe ya babu, na picha zote za kitabu kile zilichorwa barazani kwetu. Mchoraji alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba yangu, wakati huo mwalimu wa shule ya msingi. Kampuni moja ya vitabu ilimletea hadithi zikiwa zimeshapigwa chapa, kazi yake ikawa kuzijazia picha. Likizo nzima hakushika jembe. Alikaa na ubao magotini, kalamu ya kuchovya mkononi, na chupa ya wino mweusi ameifukia nusu ardhini ili kuku wasiiangushe.

Watu wa kwenye picha tulikuwa sisi. "Simama hivyo hivyo, usitikisike," aliniambia, nami nasimama juani na kibuyu kichwani mpaka shingo inakufa ganzi, huku nanusa mlenda wa mchana unavyochemka nisijue nitaachiwa saa ngapi. Bibi ndiye aliyesumbua. Alikataa katakata kuwekwa kwenye karatasi na kanga ya kazi. Akaingia ndani, akatoka na ile ya harusi, akashika mchi akatwanga kama anayekwenda kanisani. Baba mdogo alicheka mpaka akaharibu karatasi, ikabidi aanze upya.

Hadithi nyingi zilikuwa na ng'ombe, na hapo ndipo palipo na maneno. Kwetu ndama hukatwa alama sikioni, na kila ukoo una ya kwake. Sisi tulikata pengo dogo la pembetatu kwenye ukingo wa chini wa sikio la kushoto, la kulia haliguswi. Ng'ombe akipotea hata siku tatu, anayemwona anajua amrudishe wapi. Basi baba mdogo alimkata kila ng'ombe wa kitabu kile sikio la kushoto kwa kalamu, mmoja mmoja, hata wale wa hadithi ya pwani.

Kitabu kilipofika, babu, ambaye hakujua kusoma, alitaka asomewe majina yote yaliyomo. Akasomewa la mwandishi, akasomewa na la mpiga chapa. "Na wewe uko wapi?" akauliza. Baba mdogo akamfungulia ukurasa wa ng'ombe. "Baba, kwani wewe ng'ombe wako umewaandika jina?" Babu akainamia yale masikio, akatazama weee, kisha akatikisa kichwa kukubali. Tuliridhika wote. Ndilo kosa letu hilo, na ni la watu waliozaliwa na mifugo: tulidhani kila mtu duniani anasoma masikio.

Nyumbani walisoma, sikatai. Jirani yetu alikuja mbio na kitabu cha mwanawe, akamwambia babu, "Mzee, ng'ombe wako wameingia darasa la pili." Mzaha huo uliishi miaka. Baba mdogo akipita njiani wachungaji walimwuliza mifugo yake ya karatasi inanyweshwa wapi. Hakuna mtu Mvumi aliyekuwa na shaka picha zile ni za nani.

Sasa hiki nilichokiona dukani ni kile kile kilichochapwa upya, kinang'aa. Kanga ya bibi wameipaka zambarau, rangi ambayo haikuwa nayo hata siku moja. Mwanzoni wameshukuriwa mwandishi, mhariri, na hata kijana aliyetia rangi kwa kompyuta. Mchoraji hayumo. Nikafungua kwenye ng'ombe, na masikio yote ni mazima.

Nilipiga namba iliyo nyuma ya kitabu. Akapokea binti mmoja, heshima tele. "Shikamoo mama." Nikaitikia, nikamweleza. Akasema wao walirithi vitabu tu kutoka kampuni ya zamani, jina la mchoraji hawana. Na masikio? "Aa, yale mama yalikuwa na kasoro, yalionekana kama yameliwa na panya. Tuliyasafisha." Akaniuliza kama nina ushahidi wowote, hata nakala ya zamani. Nakala nitaitoa wapi? Za shuleni zililiwa na mchwa. Ya kwetu, mama aliichana kurasa akifungia karanga za kuuza, na mimi nilizitembeza karanga hizo sokoni bila hata kuangalia nilichokuwa nampa mtu. Hilo linaniuma kuliko kampuni yao.

Baba mdogo yu hai. Anaishi Ihumwa kwa binti yake. Macho yanaona vizuri kwa miwani, ila kumbukumbu inamkimbia. Siku nyingine hajui kama aliwahi kufundisha. Nikaona jina hawatampa, basi angalau aione kazi yake ikisomwa na watoto wa leo, kabla haijamtoka yote kichwani. Nikakinunua, nikampelekea.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Wa Mvumi hawajambo?"

Nikamwekea kitabu magotini. Aliyapekua makaratasi taratibu, mpaka kwenye kundi la ng'ombe. Hapo akakomea. Akaweka kidole kwenye sikio la kushoto la yule wa mbele, akahamia la anayefuata, akaenda hivyo mpaka wa mwisho.

"Hawa wa nani?" akauliza.

"Wako, baba mdogo. Uliwachora wewe, pale barazani kwa babu."

Akakifunga kitabu, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu ya mtu anayekataa kisicho chake.

"Hapana mwanangu, usinitie kwenye wizi. Warudishe kwa mwenyewe."

Nikakipokea. Mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu, na sikuwa na kitu hata kimoja cha kumwonyesha.